Mwanao yuko Marekani, na pichani ameshika bunduki

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi ameniandikia barua. Kijana wake yuko Texas, Marekani, mwaka wa pili chuoni. Majuzi alimtumia picha kwa simu: amesimama nyuma ya nyumba ya mwanafunzi mwenzake, meno yote nje, na mikononi ameshika bunduki ndefu nyeusi. "Nilipomuuliza," asema mama huyo, "alicheka akaniambia ni ya baba ya rafikiye, ya kuwindia bata, na kwamba mzee huyo anazo saba na kila Jumamosi hushinda gerejini akizibadilisha vipuri. Mwandishi, hawa ni watu wa namna gani? Na mwanangu yuko salama?"

Maswali haya, mama, ni mawili, na majibu yake hayaendi njia moja. Kuhusu huyo mzee, punguza shaka. Yaelekea ni mtu wa kawaida tu, kama baba yeyote wa hapa kwetu anayeshinda chini ya gari lake Jumamosi akijipaka grisi. Kuhusu mwanao, nakuomba uvumilie usome, kwa kuwa ile picha ina tatizo ambalo huenda hata yeye mwenyewe halijui.

Hofu ya mama huyu naielewa. Kwetu Kenya raia akionekana na bunduki, watu hulala chini kwanza halafu ndipo waulize. Sheria yetu ya bunduki, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na silaha bila cheti, na cheti hakitolewi kwa kuwa unazipenda bunduki. Isitoshe, uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, kwa hivyo kijana wa mjini hapa hana babu anayemfundisha kulenga shabaha siku za likizo. Marekani mambo ni kinyume. Shirika la Pew lilipouliza watu mwaka wa 2023, karibu mtu mzima mmoja kati ya watatu alisema ana bunduki yake binafsi. Mwanao akitembelea nyumba kumi huko, usishangae nyumba tatu au nne zikiwa nayo.

Sasa hebu tuitazame hiyo bunduki yenyewe. Kwa Kiswahili ni bunduki ya marisau, ingawa mitaani vijana huiita shotigani. Marisau ni chembe za risasi zilizopakiwa pamoja ndani ya ganda moja. Bunduki ya askari hutoa risasi moja iendayo mbali. Hii hutoa chembe nyingi kwa mpigo mmoja, na haiendi mbali. Ganda la kuwindia ndege huwa na mamia ya chembe ndogo kama uwele. Ganda la kawaida la kuwindia kulungu huwa na chembe tisa tu, lakini kila moja ina kipenyo cha zaidi ya milimita 8.

Ukubwa wake hupimwa kwa namna ya kale inayochekesha kidogo. Wakisema "geji 12", maana yake ni hii: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe sehemu 12 zilizo sawa, kila sehemu uifanye goroli. Goroli moja ndiyo upana wa mtutu, yaani kama milimita 18 na nusu. Kwa hesabu hiyo geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12, jambo ambalo huwachanganya wageni wote.

Ile ya pichani ni ya pampu. Chini ya mtutu kuna mrija mwingine unaobeba maganda manne au matano, moja nyuma ya jingine kama betri ndani ya tochi. Juu ya mrija huo kuna mpini unaoteleza. Ukiuvuta nyuma, ganda lililokwisha kupigwa hurushwa nje. Ukiusukuma mbele, ganda jipya hupanda na kuingia mahali pake. Hapo ndipo unatoka ule mlio wa "krr-chak" ambao sote tumeusikia katika video. Na kwa kuwa nimezitaja video: ile bunduki ambayo Arnold Schwarzenegger aliizungusha mkononi akiwa juu ya pikipiki katika Terminator 2, sinema ya 1991, haikuwa ya pampu. Ilikuwa Winchester ya 1887, yenye wenzo chini ya kifyatulio. Nimekwisha kusikia vijana wakibishana juu ya jambo hili hadi chai ikapoa.

Winchester hiyo ya 1887 ilibuniwa na mtu aliyeitwa John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden katika jimbo la Utah, mwaka wa 1855. Baba yake alikuwa fundi bunduki, naye kijana alikulia katika karakana. Inasemekana kampuni ya Winchester ndiyo iliyotaka wenzo, kwa kuwa bunduki zake zilijulikana kwa wenzo, ilhali Browning mwenyewe aliona pampu ingefaa zaidi. Pampu haikuwa jambo jipya; Christopher Spencer na mwenzake Sylvester Roper walikuwa wamepata hataza ya bunduki ya namna hiyo mwaka wa 1882. Lakini Browning alipopewa nafasi alitoa ya 1893, kisha akaiimarisha ikawa Winchester 1897. Hiyo ndiyo iliyoenea. Zaidi ya milioni moja ziliundwa kabla ya kiwanda kuacha mwaka wa 1957.

Wakulima waliipenda, wawindaji wa bata waliipenda, polisi na walinzi wa magari ya moshi waliipenda. Kisha ikaenda vitani. Wamarekani walipoingia Vita Vikuu vya Kwanza mwaka wa 1917, walikuta watu wamejichimbia mahandaki, wakipigana hatua chache tu baina yao. Wakaichukua Winchester 1897, wakaipa mtutu wa inchi 20, wakaufunika kwa bati lenye matundu ili mkono usiungue, wakaongeza mahali pa kufunga singe. Wajerumani walichukizwa sana. Mnamo Septemba 1918 serikali yao ilipeleka malalamiko rasmi Washington ikidai kwamba silaha hiyo inaleta mateso yasiyo ya lazima na inavunja sheria za vita, na ikaonya kwamba mateka atakayekutwa nayo atapoteza maisha yake. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Robert Lansing, aliyakataa madai hayo, akaonya kwamba Wajerumani wakiua mateka kwa sababu hiyo, Marekani nayo italipiza. Watu waliokuwa wakimwagiana gesi ya sumu wakagombana juu ya bunduki ya bata! Vita vikaisha Novemba, na shauri likafia hapo.

Naitaja hadithi hii kwa sababu inatuleta kwa wakusanyaji. Bunduki za mahandaki zilizo halisi ni chache na bei yake hupaa. Kwa hiyo wapo mafundi ambao huchukua Winchester 1897 ya kawaida, aliyowindia babu ya mtu huko Iowa, wakaikata mtutu, wakaivisha bati na kuigonga mihuri ya jeshi, wakaiuza kama iliyokuwa Ufaransa 1918. Mkusanyaji mwenye akili huenda mnadani na miwani ya kukuzia, akachunguza kama herufi za mhuri zimegongwa kabla au baada ya chuma kupakwa rangi yake ya buluu nyeusi.

Na hapa pana funzo moja la ajabu kwa mtu anayependa vitu ving'ae. Katika mambo haya, kukarabati ni kuharibu. Bunduki kongwe iliyochubuka rangi pale mkono ulipokuwa ukishika kwa miaka 60 ina thamani kuliko ile iliyosuguliwa ikapakwa upya ikawa kama imetoka dukani jana. Mjane akirithi bunduki ya mumewe na kumpa mpwa wake aing'arishe kwa msasa, amekwisha kutupa nusu ya fedha zake. Wenye kuzijua huiacha na mikwaruzo yake, wakaifuta kwa mafuta mepesi tu.

Serikali ya Marekani nayo inawatambua watu hawa. Bunduki yenye umri wa miaka 50 na zaidi, ikiwa haijabadilishwa, huhesabiwa kuwa ya kale, na mkusanyaji aweza kupata leseni maalumu kwa dola 30 kila miaka mitatu ili azinunue za namna hiyo hata kutoka jimbo jingine. Iliyoundwa mwaka wa 1898 au kabla haihesabiwi kuwa bunduki kabisa katika sheria nyingi za nchi nzima. Ni kitu cha kale, basi. Kwa hivyo Winchester 1897 mbili zilizofanana kama pacha, moja ya 1898 na nyingine ya 1899, zitakuwa na hali mbili tofauti mbele ya sheria. Nambari iliyogongwa kwenye chuma ndiyo inayoamua.

Hata hivyo, mzee wa Texas gerejini kwake huenda hana habari na mambo ya mnada. Yaelekea mkononi mwake ana Remington 870 au Mossberg 500, bunduki mbili ambazo huko zimejaa kama zilivyojaa hapa Toyota Probox. Remington 870 ilitoka mwaka wa 1950, na kufikia 2009 zilikuwa zimeundwa milioni 10. Mossberg 500, ya kampuni iliyoanzishwa mwaka wa 1919 na mhamiaji kutoka Sweden, ilifuata mwanzoni mwa miaka ya sitini, nayo ikafikisha milioni 10 mwaka wa 2013. Kampuni ya Remington yenyewe ilifilisika mara mbili, 2018 na 2020, na kiwanda chake cha kale mjini Ilion, New York, kikafungwa mwaka wa 2024. Bunduki hiyo ingali inaundwa na wamiliki wapya.

Kilichoipa 870 jina ni jambo dogo. Zamani kubadilisha mtutu kulitaka fundi mwenye tupa na subira. Katika 870 unafungua kifuniko kimoja mbele ya mrija, unautoa mtutu, unaweka mwingine. Basi familia moja hununua bunduki moja na mitutu miwili au mitatu: mrefu wa inchi 28 kwa bata, mfupi kiasi kwa kulungu, na mwingine mfupi zaidi wa nyumbani. Kutoka hapo mtu akishaonja hutaka zaidi. Atabadilisha kitako, aweke kifupi ili mkewe mwenye mikono mifupi asiumizwe bega. Ataongeza mpira wa kupunguza teke. Ataweka mrija mrefu zaidi, tochi, alama za kulengea zinazong'aa gizani. Vitabu vya kuagizia vipuri hivi ni vinene kama Biblia. Mengi ya marekebisho hayo hayana hatari yoyote zaidi ya kumaliza mshahara, na mengine hata hupunguza makali ya bunduki badala ya kuyaongeza. Mathalani, tangu 1935 sheria ya Marekani yasema mwindaji wa bata wahamao asiwe na bunduki inayobeba zaidi ya maganda matatu. Kwa hivyo wenye pampu hutumbukiza kijiti ndani ya mrija ili maganda zaidi yasiingie. Na tangu 1991 hawaruhusiwi kupiga bata kwa marisau ya risasi, kwa kuwa ndege walikuwa wakizimeza ziwani na kufa kwa sumu; hutumia za chuma. Lakini chuma ni kigumu, nayo mitutu ya kale iliyobanwa sana mdomoni yaweza kuharibika. Mtu akirithi bunduki ya babu yake na kutia ganda la dukani bila kuuliza, anacheza na moto. Baadhi ya Winchester za mwanzo hata zilichongwa kwa ganda fupi kuliko la leo.

Basi mchezo wote huo una mpaka mmoja usiochezewa, nao hupimwa kwa rula. Mwaka wa 1934, baada ya miaka ya majambazi wa pombe haramu, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayosema hivi: bunduki ya marisau yenye mtutu ulio chini ya inchi 18, au yenye urefu wote chini ya inchi 26, lazima iandikishwe serikalini na kulipiwa kodi ya dola 200. Mwaka wa 1934 fedha hizo zilikuwa nyingi kuliko bei ya bunduki yenyewe. Mwaka wa 2025 Bunge liliamua kuiondoa kodi hiyo kuanzia Januari 2026, lakini sharti la kuandikisha na kupata kibali kwanza lilibaki. Anayekata mtutu wake nyuma ya nyumba bila kibali hatari yake ni kifungo cha hadi miaka 10, hata kama bunduki ni mali yake halali na hajamtishia mtu.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Bunduki ndefu huonekana. Fupi hufichika ndani ya koti. Mwaka wa 1939 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Miller, iliyohusu bunduki ya marisau iliyofupishwa na kuvushwa kutoka jimbo moja hadi jingine, ikasema haikuonyeshwa kwamba silaha ya namna hiyo ina uhusiano na jeshi la raia linalotajwa katika katiba yao.

Inchi hizo zimewahi kugharimu zaidi ya kifungo. Mwezi Oktoba 1989, katika jimbo la Idaho, mtu aliyeitwa Randy Weaver alimuuzia mpelelezi wa siri bunduki mbili za marisau zilizofupishwa. Alishtakiwa, akakosa kwenda mahakamani, akajifungia mlimani pamoja na familia yake mahali paitwapo Ruby Ridge. Agosti 1992 askari wa serikali walimzingira kwa siku 11. Kabla hajashuka watu watatu walikuwa wamekufa: afisa mmoja wa serikali, mke wa Weaver, na mwanawe wa kiume wa miaka 14. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwondolea hatia ya bunduki zile, likamtia hatiani kwa kutofika mahakamani tu na kuvunja masharti ya dhamana. Mwaka wa 1995 serikali iliilipa familia dola milioni 3.1. Sisemi Weaver alikuwa malaika, la hasha. Alikuwa na marafiki wabaya na mawazo mabaya. Nasema tu kwamba yote yalianzia kwenye vipande vya chuma vilivyokatwa kwa msumeno.

Sasa tumefika kwa kijana wetu, na hapa nawaomba wanafunzi mnaojiandaa kwenda ng'ambo mweke kando soda na kusikiliza. Mmarekani mwenye miaka 18 asiye na hatia aweza kuingia dukani, akajaza fomu, akachunguzwa kwa njia ya simu au kompyuta, akatoka na bunduki ya pampu. Mchezo wa kuzishika ni wa kila siku kwao. Lakini mwanafunzi aliyekwenda kwa viza ya masomo si Mmarekani. Sheria ya nchi nzima inamkataza mgeni mwenye viza ya muda kuwa na bunduki yoyote, ama hata risasi. Neno lililotumika ni kuwa nayo, si kuinunua tu. Ipo milango michache ya kutokea, na ule unaotumika zaidi ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwenye leseni hiyo mfukoni yumo ndani ya sheria. Asiye nayo yumo nje, hata kama bunduki ni ya rafiki na rafiki amesimama kando yake. Adhabu iliyowekwa tangu 2022 hufikia miaka 15. Fauka ya hayo, kosa la bunduki ni miongoni mwa yale yanayomfukuzisha mgeni nchini, na mwenyeji aliyempa huku akijua hali yake naye ana kesi.

Je, kuna mtu amewahi kushtakiwa kwa jambo kama hilo? Yuko. Kijana mmoja wa Falme za Kiarabu alikwenda Florida kusomea uhandisi. Masomo yakamshinda, chuo kikamwondoa mwishoni mwa 2014, na kwa kuondolewa chuoni ruhusa yake ya kukaa nchini ikakatika. Hakuondoka. Mwaka uliofuata alikwenda uwanja wa shabaha, akakodi bastola na kununua risasi, akalenga shabaha kama wateja wengine. Hakumdhuru mtu. Alihukumiwa miezi 18. Kesi hiyo, iitwayo Rehaif, ilipanda hadi Mahakama Kuu, ambayo Juni 2019 iliamua kwamba serikali ni lazima ithibitishe mshtakiwa alijua kuwa yumo katika kundi lililokatazwa. Uamuzi ulimfaa, lakini ulikuja baada ya miaka kadha ya mashaka, na wala haukuifuta sheria.

Kwa hiyo mama, mpigie kijana simu, usimwandikie. Mwulize kama ana leseni ya uwindaji iliyo hai. Kama hana, asiishike tena ile bunduki, hata kwa mzaha, na wala asiendelee kuwagawia watu picha ile. Kisha aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake aeleze hali na kuomba aelekezwe kwa wakili wa mambo ya uhamiaji. Asikubali ushauri wa rafiki yake aliyezaliwa huko, kwa kuwa sheria hiyo haimhusu rafiki yake na huenda hajapata kuisikia.

Nimebakiza jambo moja linalowahusu wazazi wote wenye watoto wanaokwenda kukaa katika nyumba za watu huko, iwe kwa shangazi aliyehamia Dallas ama kwa familia ya Kimarekani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Watu wengi wa huko huweka bunduki ya pampu nyuma ya mlango ama chini ya kitanda kwa ajili ya wezi. Husema mlio wa pampu pekee humfukuza mwizi, na kwamba haihitaji kulengwa. Hili la pili si kweli. Ndani ya chumba cha kulala marisau hayajapata nafasi ya kutawanyika. Hufika ukutani yakiwa yamekusanyika mahali padogo kama ngumi. Na kuta za nyumba zao nyingi si mawe kama zetu. Ni mbao na ubao wa jasi, na chembe zile tisa hupita hadi chumba cha pili, alikolala mtoto.

Na mwizi si ndiye anayeifikia kwanza. Tarehe 18 Mei 2018, katika shule ya upili ya Santa Fe, Texas, mwanafunzi wa miaka 17 aliingia na Remington 870 na bastola, zote mbili mali halali ya baba yake. Watu 10 walikufa. Mmoja wao alikuwa msichana wa miaka 17 kutoka Karachi, Pakistan, aliyekuwa huko kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na ambaye alikuwa amebakiza majuma machache tu arudi kwao. Sheria ya Texas humwadhibu mtu mzima anayeacha bunduki mahali inapoweza kufikiwa na mtoto, lakini mtoto kwa sheria hiyo ni aliye chini ya miaka 17. Kijana yule alikuwa ametimiza. Familia za waliouawa ziliwashtaki wazazi wake kwa madai ya uzembe, na Agosti 2024 baraza la mahakama likaamua kwamba wazazi hawakuwa na lawama kisheria. Mimi uamuzi huo nimeusoma mara mbili, na bado hauniingii.

Tangu 2020 bunduki ndiyo imekuwa ikiongoza kwa kuua watoto na vijana nchini Marekani, ikizidi hata ajali za magari. Na kati ya watu wote waliokufa kwa bunduki huko mwaka wa 2021, ambao walikuwa 48,830, zaidi ya nusu walijiua wenyewe. Kijana aliye mbali na kwao, aliyefeli mtihani na karo haijatumwa, asilale karibu na silaha isiyofungwa. Wenyeji wenyewe wanalijua jambo hilo, ndiyo maana madaktari wao wa watoto huwahimiza wazazi waulize kabla ya kumruhusu mtoto kwenda kucheza nyumba ya jirani.

Nawe uliza. Najua kwa mila zetu ni aibu kumuuliza shemeji yako anaficha nini kabatini, ilhali amekubali kumlea mwanao bure. Anza na shukrani, halafu useme: "Shemeji, nasikia huko watu huwa na bunduki nyumbani. Je, kwenu iko? Imefungwa? Risasi zimewekwa mbali nayo? Ufunguo anao nani?" Mwenye bunduki aliye makini hatakasirika, atakueleza kwa fahari sanduku lake la chuma lilivyo. Anayekasirika amekujibu. Ikiwa hana sanduku, kuna kufuli ya waya, ambayo hupitishwa mahali ganda hutokea na kutokezea chini, bunduki ikiwa tupu na mpini umevutwa nyuma. Waya ukiwa umo, pampu haiwezi kurudi mbele na ganda haliwezi kuingia. Aghalabu kufuli hiyo huja ndani ya sanduku la bunduki ikiwa mpya, na iliyopotea si ghali kuibadilisha, kwani vituo vingi vya polisi huko huzigawa bure kwa anayeomba.